Bibi aliyeletwa na "malaria"

Huku Pwani homa ikipanda kila mtu husema malaria, na kijana aliyemleta mamake kutoka Likoni alikuwa ameshampa dawa za malaria. Kipimo chetu kikaonyesha hana malaria. Bibi, mgonjwa wa kisukari, alikuwa akimwita mjukuu kwa jina la marehemu mumewe. "Amechoka tu daktari, feri ilikuwa na foleni," kijana akasema. Uchovu gani huo wa kubadilisha watu majina?

Nilimhesabia pumzi mwenyewe dakika nzima, mkono kifuani pake: 28. Nasisitiza dakika nzima kwa sababu kwenye mafaili mengi kila mgonjwa anapumua mara 20, kana kwamba wodi nzima imeshonewa mapafu na fundi mmoja. Presha 88 kwa 50. Pumzi 22 au zaidi, presha ya juu 100 au chini ya hapo, akili kuvurugika: ndizo dalili za kushuku sepsisi, yaani maambukizi yanayofanya mwili udhuru viungo vyake wenyewe, na zote tatu alikuwa nazo. Mkojo una ukungu, na nilipomgonga kiunoni akaruka. Maambukizi ya figo.

Damu ya kuotesha bakteria maabara ikatolewa kwanza, kisha mkojo, ndipo antibiotiki, seftriaksoni gramu 2, ikaingia mshipani. Nikaandika papo hapo: kuingia 21:10, damu 21:25, dawa 21:40. Presha ikishashuka hivyo, dawa inatakiwa ndani ya saa moja, na anayepokea zamu bila saa hizo atabahatisha dozi inayofuata.

Maji ya dripu ndiyo yaliyonikesheza. Mwongozo wa kimataifa wa sepsisi unapendekeza mililita 30 kwa kilo ndani ya saa 3. Kwa kilo zake 60, ni lita 1.8. Lakini utafiti wa FEAST wa 2011, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ulionyesha watoto wenye homa kali waliomiminiwa maji haraka walikufa zaidi. Huyu ni mtu mzima, sawa, ila sikufungua dripu nikaenda zangu. Kila mililita 500 nilisikiliza mapafu, nikapima presha, nikatazama mfuko wa mkojo. Alfajiri presha ilifika 108.

Maabara ikaotesha bakteria E. coli, sugu kwa seftriaksoni. Tukahamia antibiotiki nyingine, meropenemu, na bibi akaanza kuulizia chai.

Siku ya kumruhusu sikuandika "homa" wala "maambukizi ya mkojo" basi. Niliandika sepsisi, bakteria E. coli, chanzo figo, presha iliyoshuka, fahamu zilizovurugika. Karani wa rekodi akapata msimbo wake katika ICD-10, orodha ya kimataifa ya magonjwa, A41.5, bila kunifuata wodini.