Injini Iliyolazwa Njiani

Wengi wakizungumzia treni za sumaku hustaajabia kuelea kwake, lakini mimi huvutiwa zaidi na mahali ilipo mota. Treni ya umeme ya kawaida hubeba mota zake yenyewe ili zizungushe magurudumu. Ya sumaku ya mwendo kasi haifanyi hivyo: koili za mota hutandazwa kwenye njia, toka mwanzo hadi mwisho, na umeme unaopitishwa humo huunda wimbi la sumaku linalosonga mbele likiikokota treni. Kasi ya wimbi hilo ndiyo kasi ya treni.

Kuelea kwenyewe kuna namna mbili. Wajerumani, ambao mhandisi wao Hermann Kemper alipata hataza ya treni ya kuelea mwaka 1934, walitumia mvuto. Behewa huikumbatia njia kwa chini, na sumaku-umeme zake hujivuta juu kuelekea chuma cha njia hadi ibaki nafasi ya milimita 10 hivi. Kwa kuwa sumaku huzidi kuvutana kadiri inavyokikaribia chuma, vihisi huipima nafasi hiyo bila kukoma, na umeme hupunguzwa kabla havijagusana. Hii ndiyo teknolojia iliyojengwa Shanghai, yenye njia ya kilomita 30 tu.

Wajapani, walioanza utafiti mwaka 1962, walikwenda kwingine. Waya za sumaku zao hupozwa kwa heli ya kimiminika hadi nyuzi 269 chini ya sifuri, ambako umeme hupita bila ukinzani wowote. Treni inapokwenda kasi, sumaku hizo huzusha umeme katika koili za kuta za pembeni, na koili nazo huinyanyua sentimita 10 hivi. Bila kasi hakuna kuelea, kwa hiyo treni huanza safari kwa magurudumu ya mpira, kama ndege. Mwezi Aprili 2015, huko Yamanashi, ilifikia kilomita 603 kwa saa.

Mbona basi njia zenyewe ni chache hivi? Kwa maoni yangu, sababu ni ileile mota: kila kilomita ya njia ni mtambo, na treni haiwezi kuingia kwenye reli zilizokwishajengwa. Hata ile ya mwendo mdogo ya Birmingham, Uingereza, ya mwaka 1984, yenye urefu wa mita 600 tu, ilifungwa mwaka 1995. Njia ya Tokyo hadi Nagoya, kilomita 286 ambazo sehemu kubwa ni mahandaki, ilitarajiwa kufunguliwa mwaka 2027. Mkoa wa Shizuoka, ambao njia hiyo inapita chini yake, ukahofia kuwa handaki lingepunguza maji ya mto Oi, na mwaka 2024 kampuni ya reli ya JR Central, inayoijenga, ikatangaza kuwa tarehe hiyo haiwezekani tena.