Nafasi ya Ligi Kuu iliyoondoka Ubaruku

Septemba 2025 Singida Black Stars walichukua Kombe la Kagame, kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati, kwa kuifunga Al Hilal ya Sudan 2-1 jijini Dar es Salaam. Hapa Ubaruku mechi ile tuliiangalia kibandani kama mechi ya wageni, na wengi hawakuja kabisa. Inaniuma kuliandika hilo, kwa sababu nafasi yao ya Ligi Kuu ilipatikana hapa kwetu. Timu ile ilipokuwa hapa iliitwa Ihefu, kabla haijahamishwa na kubadilishwa jina. Kila msimu ukiisha husikia tena minong'ono kwamba timu fulani inauzwa na nyingine inahamishwa mkoa, na naona sisi tulioachwa tuna la kuwaambia wenzetu kabla hayajawafika.

Kwa asiyepajua, Ubaruku iko wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya. Unaiacha barabara kuu ya Mbeya na Iringa, unaingia ndani katikati ya majaruba ya mpunga. Mimi nanunua mpunga na kuukoboa, na karibu kila mtu ninayemfahamu anaishi kwa zao hilohilo. Ihefu ni jina la ardhi oevu ya bonde letu la Usangu, yale maji yanayokwenda kuulisha mto Ruaha Mkuu. Timu ilichukua jina la maji hayo, na mashabiki tukaiita Mbogo Maji. Ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2020, mechi ya kwanza ilichezwa Sokoine, Mbeya mjini, dhidi ya Simba, na tukafungwa 2-1. Msimu ukaisha vibaya, ikashuka. Mwaka 2022 ikapanda tena, na Ligi Kuu ikawa mlangoni kwetu, kwenye uwanja wa Highland Estates.

Tarehe 29 Novemba 2022 Yanga walikuja hapa wakiwa wamecheza mechi 49 za ligi bila kupoteza hata moja. Ilikuwa Jumanne, siku ya kazi, na Novemba ndiyo wakati wa vitalu. Watu walitoka shambani wakaja moja kwa moja uwanjani, matope yamekaukia miguuni, suruali zimekunjwa hadi magotini. Mashine za kukoboa zilizimwa moja baada ya nyingine, na kwa mtu aliyezoea Ubaruku ukimya ule wa vinu saa za mchana ni jambo la ajabu kuliko kelele zozote. Mama lishe waliosogeza masufuria yao karibu na uwanja waliishiwa wali kabla timu hazijaingia. Yanga wakatangulia kufunga. Tukasawazisha, tukaongeza. Mwisho 2-1. Rekodi iliyotangazwa nchi nzima ilivunjikia kwenye kijiji cha wakulima wa mpunga. Oktoba 2023 wakarudi, tukawafunga tena 2-1 palepale. Kuna watoto hapa wanaosimulia mechi zile mbili kama wazee wanavyosimulia mambo ya mababu.

Miezi michache baada ya ushindi ule wa pili, msimu wa 2023/24 ukiwa katikati, timu ilihamishiwa Singida, uwanja wa Liti, ule uliokuwa ukiitwa Namfua. Aprili 2024 ilicheza na Simba huko ikiwa bado na jina la Ihefu, ikatoka sare 1-1. Msimu mpya ulipoanza jina lenyewe likawa limeondoka: Singida Black Stars.

Watu wa Singida sina ugomvi nao. Wao wana kidonda chao. Singida United ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini 2018, ikafungwa na Mtibwa Sugar 3-2, na kufika 2020 ilikuwa imeshuka daraja. Mwaka 2022 wakapata Singida Big Stars, ambayo nayo ilipanda ikiitwa DTB ya Dar es Salaam, ikabadilishwa jina na kupelekwa kwao. Ilimaliza ya nne msimu wake wa kwanza, ikakata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mwaka 2023 ikawa Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 ikawa Fountain Gate tupu na makao yake yakawa Babati, Manyara, uwanja wa Tanzanite Kwaraa. Pengo lililobaki Singida ndilo lililozibwa na timu yetu. Tazama basi: nafasi iliyotafutwa Dar es Salaam iko Babati, iliyotafutwa Ubaruku iko Singida, na kila kituo njiani kina watu waliokwisha kununua jezi.

Sikatai kwamba mpira wa sasa unataka pesa. Mishahara, kambi, usafiri wa kutoka Bukoba hadi Mtwara, usajili wa wachezaji wa nje, hakuna mkulima wa ekari mbili anayeweza kubeba hayo. Mwenye pesa akiingia ana haki ya kupata faida na ya kusikilizwa. Ninachokikataa ni kwamba mtu mmoja au kampuni moja inaweza kuamua peke yake kwamba wilaya nzima haina tena timu, bila wilaya hiyo kuulizwa lolote. Kwa klabu za wanachama utaratibu upo: ndiyo maana Simba ilipobadili mfumo wa umiliki, mfanyabiashara Mohamed Dewji alitoa ofa ya shilingi bilioni 20 kwa asilimia 49, na 51 zikabaki za wanachama. Hakuna tajiri atakayeihamisha Simba kutoka Kariakoo. Lakini klabu nyingi za mikoani hazina wanachama wa namna hiyo. Zina mfadhili na mashabiki, basi. Shabiki anaimba, anachanga nauli, analipa kiingilio, na siku ya kuuza hana hata kiti mezani.

Nimekuwa nikiziangalia timu ambazo hazihami, nione zimeshikiliwa na nini. Mtibwa Sugar iko Turiani kwa sababu kiwanda kiko Turiani na miwa iko Turiani. Ilichukua ubingwa 1999 na 2000, ikaja ikashuka, na bado ni ya palepale. Kagera Sugar hivyohivyo. Na hapa mkoani kwetu kuna Mbeya City, timu ya halmashauri ya jiji. Msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, 2013/14, ilimaliza ya tatu na mkoa mzima ukawa zambarau. Mwaka 2023 ilishuka. Hakuna aliyeifungasha. Ilicheza Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, mashabiki wake wakaenda nayo huko chini, na 2025 ikarudi. Mimi niliwaonea huruma waliposhuka, kumbe walikuwa na kitu ambacho sisi tulikuwa tunakaribia kukikosa. Timu iliyoshuka unaweza kuisubiri. Sisi tunamsubiri nani?

Ndiyo maana nasema wanaosimamia mpira wetu waweke masharti kabla ya uhamisho mwingine. La kwanza, timu isiruhusiwe kuhama msimu ukiwa katikati. Mtu anayepanga maisha yake kwa ratiba ya ligi, yule wa bodaboda, wa nyumba ya wageni, mama lishe, anastahili kujua mapema. La pili, jina libaki. Mwenye nafasi akienda nayo, jina la mahali, rangi na kumbukumbu vibaki kwa watu wa mahali hapo, wavitumie siku wakianzisha timu yao. Uingereza walipitia hili: Wimbledon iliporuhusiwa kuhamia Milton Keynes, mashabiki waliobaki walianzisha AFC Wimbledon mwaka 2002 kutoka madaraja ya chini, wakapanda hadi ligi za kulipwa, na 2020 wakarudi Plough Lane, mtaa uleule. Wale walikuwa na jina la kushika.

La tatu ndilo ninalolipigania zaidi. Kabla ya kuuza nje ya wilaya, mwenye timu alazimike kuitangaza kwanza ndani ya wilaya, kwa muda unaotosha watu kukaa na kuhesabu. Najua jibu la haraka: Mbarali hawana pesa hiyo. Huenda hatuna yote. Lakini hakuna aliyetupa nafasi ya kujaribu. Tuna vyama vya ushirika vya wakulima, AMCOS, vyenye daftari, maghala na wanachama wanaojulikana kwa majina. Tuna wenye vinu, tuna wenye malori, tuna wafanyabiashara wa mchele wanaolisha Dar es Salaam. Tuna halmashauri. Wote hao wakishika hata robo ya timu, na katiba ikasema kwamba kuhama kunahitaji kura yao, mfadhili mkubwa anaweza kuja na robo tatu zake na tukampokea kwa mikono miwili. Atakuwa na timu yenye mizizi, nasi tutakuwa na sauti.

Watu wa Singida na wa Babati, haya yanawahusu kuliko yanavyonihusu mimi. Msimu wa 2025/26 Singida Black Stars walicheza mashindano ya Afrika, mwaka 2025 walifika fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini dhidi ya Yanga, uwanja unajaa, furahini. Lakini ulizeni sasa, wakati mambo ni mazuri: mmiliki huyu akichoka, akifilisika au akipata mkoa mwingine, kimeandikwa wapi kwamba timu ni yenu? Sisi hatukuuliza siku tulipomfunga Yanga.

Hapa kwetu vijana wameshaanza kuzungumzia timu mpya ianzie ligi ya wilaya. Njia ni ndefu: mkoa, Mabingwa wa Mikoa, First League, Championship. Mimi hoja yangu kwenye mkutano mkuu wa ushirika wetu baada ya mavuno itakuwa moja, kwamba kila mwanachama anayekubali akatwe shilingi mia tano kwa kila gunia linaloingia ghalani, ziende kwenye akaunti ya timu, na kila anayekatwa aandikwe kuwa mmoja wa wenye timu. Naandaa rasimu ya katiba. Kipengele cha makao makuu na cha kuuza hisa ndivyo vinavyonisumbua, kwa hiyo mwanasheria au kiongozi yeyote wa klabu ya wanachama mwenye mfano mzuri, naomba anitumie kabla ya Mei.