Kabati la nyoka linalokaa sebuleni

Nyoka wangu wa mchangani wana kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na sasa wana kabati la kuwekwa sebuleni mbele ya wageni.

Fremu ni mvule, maana chipbodi hufura kwa unyevu wa Mombasa. Fundi wa Kibokoni amenichongea ukingo wa mawaridi, kama ule wa milango ya Mji wa Kale. Umependeza, wallahi! Vanishi iache ikauke mpaka harufu iishe kabisa.

Droo za plastiki wanamokaa nyoka hazina vifuniko: ubao wa juu ndio kifuniko, kwa hivyo uwazi kati yake na droo usizidi milimita 2. Mtoto wa nyoka huyu ni mwembamba kama penseli, akipata upenyo humuoni tena. Matundu ya hewa toboa kuanzia ndani kwenda nje, ncha kali zisije zikamkwaruza. Mkanda wa joto unapita nyuma, chini ya droo, na themostati, kidhibiti joto, inaushikilia kwenye nyuzi 32 hivi. Upande wa mbele unabaki na ubaridi wake. Mchana wa Februari, mkanda hauwaki sana. Na jambo hili silegezi: usiwashe mkanda bila themostati, utamuunguza nyoka tumbo.