Mbwa Mkimya wa Siku ya Kwanza: Uzoefu Wangu wa Kumchukua Mbwa Kituoni

Mbwa wa kituo cha kuhifadhi wanyama wanaosubiri kuchukuliwa akifika nyumbani, mara nyingi hufanya jambo linalowafurahisha wote: ananyamaza. Habweki, hagusi viatu, anajikunja pembeni. Wenyeji husema, "Huyu mpole kweli." Mimi huangalia kwanza alivyolala. Amelala ubavu, miguu kainyoosha? Au amejikunja, mgongo umeshikana na ukuta, na macho hayafumbi kabisa hata usingizi ukimjia? Ikiwa ni hivi vya pili, hajatulia. Ameganda kwa woga, na tabia yake ya kweli bado haijaingia ndani ya nyumba. Itaingia wiki ya pili au ya tatu, na hapo ndipo watu wengi humrudisha kituoni wakilalamika kwamba amebadilika.

Hajabadilika, ameanza kujionyesha. Karibu kila ninachofanya na mbwa mpya kinatokana na hilo. Wanaohudumia mbwa wa vituoni hutumia kanuni ya tatu-tatu-tatu: siku 3 za kushtuka, wiki 3 za kuzoea ratiba, miezi 3 ya kujiona yuko kwao. Ni makadirio tu, na mbwa aliyekaa bandani muda mrefu huenda akahitaji zaidi. Ila kanuni hiyo inanisaidia kuanza na dunia ndogo: chumba kimoja, watu wachache, njia moja ya matembezi. Dunia hiyo naipanua pale mbwa anapoonyesha yuko tayari.

Kazi huanza kituoni, kabla ya kusaini chochote. Mbwa anayerukia wavu huku akibweka si lazima awe mkali, na anayejificha nyuma ya banda si lazima awe mwoga maisha yake yote. Kelele za mbwa wengine na harufu za dawa humweka kwenye msongo ambao hauishi kwa saa moja. Kwa hiyo simpimi mbwa akiwa ndani ya banda. Naomba atolewe mahali palipotulia kwa nusu saa, na dakika 10 za mwanzo simhesabii kitu. Namwacha azunguke, anuse, akojoe. Baada ya hapo namwita, nione kama anageuka. Nadondosha funguo chini. Kushtuka si kasoro; ninachopima ni muda anaochukua kurudi katika hali yake. Anayeruka kisha akaja kunusa zile funguo ni tofauti na anayebaki amebana mkia dakika tano nzima. Huyo wa pili naye anafaa kuchukuliwa, lakini si na nyumba yenye watoto wadogo na wageni kila siku. Halafu narudi siku nyingine, saa tofauti.

Maswali yangu nampelekea yule anayesafisha mabanda, kwa sababu ndiye anayemwona mbwa kila siku. Aliokotwa au aliletwa na mwenyewe? Amewahi kurudishwa, na kwa sababu gani? Amewahi kuuma, na wakati huo alikuwa anafanywa nini? Anakubali kushikwa makucha, masikio, mdomo? Anakula nini, mara ngapi? Kisha naomba kadi yenye tarehe. "Ameshachanjwa" bila tarehe nalipeleka kwa daktari wa wanyama kama swali, ndiye ataamua.

Kati ya lango la kituo na mlango wa nyumba ndipo mbwa hupotea kwa urahisi zaidi. Akiogopa hurudi kinyumenyume, kola ikapita kichwani, na mbwa asiyejua jina lake wala nyumba yake hana pa kurudi. Ninatumia vitu viwili kwa pamoja: kola inayojibana kiasi anapovuta, na mkanda wa kifuani, kila kimoja na kamba yake. Kola iache nafasi ya vidole viwili, basi. Kibati chenye namba ya simu kivaliwe kabla ya kutoka kituoni. Garini, kamba inashikwa mkononi kwanza, mlango unafunguliwa baadaye. Kama ana chipu chini ya ngozi, mara nyingi ni namba ya tarakimu 15 inayosomwa kwa kifaa maalumu. Haionyeshi mahali mbwa alipo, na haina msaada ikiwa kumbukumbu bado zina jina la mwenyewe wa zamani. Kumbukumbu hizo nazibadilisha siku hiyo hiyo. Wiki za mwanzo, hata uani penye uzio natoka naye kwa kamba ndefu ya mita 5 hadi 10, iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani. Ikifungwa kwenye kola, mbwa akikimbia na kamba ikaisha, anayepokea mshtuko ni shingo.

Siku 3 za mwanzo hakuna wageni, hakuna kuogeshwa, hakuna kuzungukwa na familia nzima. Namwonyesha maji, kitanda na mahali pa kujisaidia, kisha nakaa chini, ubavu ukimwelekea, bila kumkazia macho. Yeye ndiye anayekuja. Akija namkuna kifuani au pembeni mwa shingo kwa sekunde tatu, halafu naondoa mkono. Akisogea tena, ameomba kuendelea. Akilamba midomo, akipiga miayo au akigeuza kichwa, amekataa kwa adabu, nami naacha.

Chakula nampa kile kile cha kituoni kwa siku chache, hata kama kipo kizuri zaidi. Kubadilisha ghafla humharisha, na mbwa anayeharisha hafundishiki choo. Baadaye nachanganya: robo ya chakula kipya kwa siku mbili tatu, kisha nusu, kisha robo tatu, hadi bakuli lote liwe la chakula kipya baada ya siku 7 hadi 10. Mbwa mzima kukosa hamu siku ya kwanza ni kawaida. Mtoto wa mbwa asiyekula simsubirii, nampigia daktari. Mbwa aliyekonda hadi mifupa inahesabika hatakiwi kujazwa bakuli kwa huruma. Mwili uliozoea njaa ukipokea chakula kingi kwa mpigo, madini kwenye damu hushuka ghafla na anaweza kufa akiwa ameshiba. Huyo hula milo midogo midogo mara nyingi kwa siku, kiasi kikipangwa na daktari.

Kuhusu choo, namchukulia kila mbwa kama hajafundishwa, awe na umri wowote. Aliyeishi bandani alijisaidia pale pale alipolala, hakuwa na jinsi. Natoka naye akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, na kila baada ya saa mbili au tatu mchana. Nasimama sehemu moja, sitembei. Akimaliza anapata kipande cha nyama pale pale, ndani ya sekunde mbili. Ukisubiri mrudi ndani, yeye anadhani amelipwa kwa kuingia mlangoni. Akikojoa ndani nasafisha kwa sabuni yenye vimeng'enya. Dawa zenye amonia nazikwepa kwa sababu harufu yake inafanana na ya mkojo na humrudisha pale pale. Kumsugua pua kwenye mkojo kunamfundisha kujificha anapokojoa, basi.

Kwa daktari naenda ndani ya siku chache, na kinyesi cha asubuhi hiyo kwenye chombo kilichofungwa. Dawa ya minyoo hurudiwa baada ya wiki mbili au tatu, maana nyingi huua minyoo iliyokomaa utumboni huku viluwiluwi (minyoo michanga) vikiwa bado vinasafiri mwilini. Vimelea vya giadia havitoki katika kila choo, kwa hiyo kipimo kimoja kisichoonyesha kitu hakimalizi shaka ikiwa kuhara kunaendelea. Kama nyumbani kuna mbwa mwingine, mgeni nampa chumba chake, bakuli lake na njia yake kwa siku 14, kwa sababu kikohozi cha mabandani huweza kujitokeza siku 2 hadi 14 baada ya kuambukizwa, na parvo, ugonjwa wa kirusi unaoharisha vikali na kuua watoto wa mbwa, mara nyingi siku 3 hadi 7. Distempa, ugonjwa mwingine hatari wa kirusi, inaweza kuchelewa zaidi, ndiyo maana chanjo ya mbwa mwenyeji naihakikisha kabla mgeni hajaja.

Parvo inastahili neno zaidi. Kirusi chake hukaa kwenye sakafu na udongo kwa miezi, na sabuni za kawaida hazikiui. Klorini ya kufulia inakiua: sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji, iachwe ikiwa mbichi dakika 10. Lakini uchafu uoshwe kwanza, maana klorini hupoteza nguvu ikikutana na kinyesi au udongo. Watoto wa mbwa huchanjwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka wafikishe wiki 16 au zaidi. Si ujanja wa madaktari wa kuongeza malipo: kinga aliyoipata kwa mama huizuia chanjo isishike, na hakuna anayejua kwa kumtazama tu ni wiki gani kinga hiyo imeisha.

Wiki ya tatu ikifika, mbwa ameota mizizi kidogo, ndipo yanapokuja mawili makubwa: kulinda chakula na kuogopa kuachwa.

Kulinda chakula kunaonekana kabla ya kusikika. Mtu anakaribia bakuli: kichwa cha mbwa kinashuka, anakula haraka zaidi, kisha mwili mzima unakauka, mdomo umefunga ndani ya chakula, weupe wa jicho ukijitokeza pembeni. Kunguruma ni hatua ya mwisho kabla ya meno. Watu humpiga kwa kunguruma, naye hujifunza kunyamaza, halafu siku moja anauma "bila onyo". Onyo lilikuwepo, wakalifuta wao wenyewe. Mimi nasimama pale ambapo bado anakula kwa utulivu, hata kama ni hatua sita, namrushia kitu kitamu kuliko kilichomo bakulini, naondoka. Mara kumi kwa mlo, siku nyingi. Nikiona ameanza kuinua kichwa kunitafuta, nasogea nusu hatua. Simnyang'anyi bakuli kumwonyesha nani mkubwa. Hilo ndilo jambo analoliogopa. Ikiwa amewahi kuuma, au kuna mtoto nyumbani, anakula chumbani mlango umefungwa, na kazi hii inasimamiwa na mtaalamu wa tabia. Akiuma mtu hadi ngozi ikachubuka, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, na hospitali siku hiyo hiyo, chanjo ya mbwa iwe na tarehe au isiwe nayo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, ni kifo karibu kila mara.

Kuogopa kuachwa huchanganywa na utundu. Njia yangu ya kutofautisha ni simu iliyoachwa ikirekodi, na kipande cha nyama sakafuni. Mtundu anakula nyama, analala, baadaye anatafuna mto. Mwenye hofu haigusi nyama. Ndani ya dakika 30 za mwanzo anahema, anadondosha mate, anakwangua mlango ule ule ulioutumia kutoka. Kumfungia kizimbani hakumtibu, kunahamisha hofu kwenye meno na kucha zake. Wapo wanaovunja meno kwenye nondo.

Tiba ni kurudi kabla hofu haijaanza. Nafunga mlango sekunde 5, narudi, bila shamrashamra. Sekunde 10. Sekunde 5 tena. Sekunde 20. Sipandi ngazi moja kwa moja, nachanganya fupi na ndefu ili kila kuondoka kusiwe kugumu kuliko kulikopita. Funguo nazichukua mara nyingi bila kwenda popote, mpaka mlio wake usimaanishe kitu. Dakika za mwanzo ndizo ngumu. Akifikisha dakika 30 au 40 kwa amani, muda unaofuata huongezeka haraka zaidi. Linalovuruga kila kitu ni kumwacha saa nzima katikati ya mafunzo kwa sababu kuna mahali lazima uende. Wiki hizo napanga mtu wa kukaa naye, na hili nalipanga kabla ya kwenda kituoni. Asiye na mtu wa kumsaidia asichukue mbwa ambaye kituo kimeshasema hawezi kukaa peke yake. Kuna mwingine kituoni anayemfaa.

Mbwa mwenyeji namkutanisha na mgeni nje ya nyumba, watu wawili, kamba zimelegea, wakitembea upande mmoja wakiachana mita 5 au zaidi, na kukaribia kidogo kidogo. Ndani ya nyumba mifupa na vichezeo huondolewa, na kila mmoja hula peke yake. Watoto wana sheria mbili: mbwa akila au akilala haguswi, na hakumbatiwi shingoni.

Miezi 3 ikitimia bado kuna tarehe moja mbele. Minyoo ya moyo huenezwa na mbu, na kipimo cha damu kinachotumika sana huikamata baada ya miezi 6 hivi tangu kuambukizwa. Mbwa aliyeumwa na mbu wiki moja kabla ya kuchukuliwa kituoni atapimwa siku hiyo na kuonekana hana kitu. Kwa hiyo siku ya kwanza kwa daktari namwomba aandike kwenye kadi, chini ya jibu la kipimo, tarehe ya kukirudia miezi 6 mbele.