Mkono wa kushoto

Tangu Jumamosi kuna swali limenikaa rohoni. Harusi ya Mikindani ilikwenda vizuri, wifi kajifungua salama, minada ya korosho imeanza, nami bado nipo kwenye swali la yule mzee.

Watu walikuwa wanatawanyika, naifunga kodiani, kinanda changu cha mvukuto, mikanda yake. Akaja na bakora yake, nikamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umetupigia. Mkono wa kulia nimeuona unavyokimbia. Huu wa kushoto kazi yake nini?"

"Kuvuta na kusukuma tu, babu."

"Tu?"

Akanitazama, kisha akaenda zake.

Tu! Miaka kumi na moja nabeba chombo hiki, halafu nausema mkono wangu hivyo. Huo ndio pumzi yenyewe. Ukiuharakisha mvukuto sauti inapayuka, ukiulegeza mwimbaji anaachwa peke yake katikati ya beti. Na upande huo kuna vitufe 120, safu sita: mbili za sauti mojamoja, nne ambazo kila kitufe kinatoa sauti kadhaa kwa pamoja. Kwa kuwa mpiga besi tunaye, sivigusi. Vya pembeni vimeanza kukwama kwa chumvi ya bahari. Ningemwita yule mzee nimwambie, babu, nimekudanganya.

Usiku wa jana umeme ulikatika, nikatoka na kodiani barazani. Nilikuwa namfikiria Mogens Ellegaard, yule mpiga kodiani wa Denmark niliyewahi kuwaandikia habari zake, ambaye Ole Schmidt alimtungia kazi ya kodiani na okestra mwaka 1958. Alizipigania sana kodiani ambazo kushoto kote ni sauti mojamoja, ili mkono ule nao uimbe. Yangu si ya aina hiyo, lakini nikasema, hizo safu mbili si zipo?

Kitufe cha Do kina kishimo katikati, kidole kikipate bila macho. Nikakipapasa gizani, nikakipata. Nikaanza ule wimbo wa kumwingiza bwana harusi, kushoto peke yake, polepole, nakosea narudia.

Mama akaita kutoka ndani. "Nani huyo?"

"Mimi, mama."

Kimya kidogo. "Nilidhani baba yako anajiimbia."

Nikapiga tena, mara tatu, hadi nikasikia kalala.

Fundi wa bati hapokei simu tangu Alhamisi. Asubuhi hii wingu limetanda hadi Msangamkuu, na paa la jikoni bado liko wazi.