Vile niliacha kuweka tiki kwa fomu

Mimi ni keteka, yaani mtunzaji, wa hosteli ya wanafunzi hapa Kisumu, upande wa Kondele, mwaka wa sita sasa. Ghorofa tatu, vyumba 48. Mwanzoni nilikuwa na fomu ya fotokopi, kila Jumatatu nazunguka naweka tiki, mitungi ya moto sawa, taa za ngazi sawa, tenki sawa. Siku moja jamaa wa kukagua akashika mtungi wa ghorofa ya pili akaniuliza, "Omera, hii sindano ya geji ya presha umeiangalia lini?" Iko kwa nyekundu, presha imeisha kitambo, na fomu yangu ina tiki wiki kumi na moja mfululizo. Usiku huo sikulala, nawaza watoto wa watu wamelala huko juu.

Nikanunua kauntabuku, tiki nikaondoa kabisa, sasa unaandika kile umeona na macho. Mtungi wa poda, sindano iko wapi, pini na sili ziko, mpira haujapasuka. Ule wa gesi ya kaboni hauna geji, kwa hivyo unapimwa kwa mizani. Jenereta, mita inasoma imefanya kazi masaa mangapi, oili imefika wapi. Mlango wa dharura lazima uufungue na mkono wako, maana niliwahi kuupata na kufuli, soja alikuwa anaogopa wezi na nilimwelewa, tukaweka komeo la ndani lisilotaka funguo. Mazoezi ya kutoka wakati wa moto sheria inataka angalau mara moja kwa mwaka, sisi tunafanya kila semesta wapya wakiingia, na dakika zinaandikwa.

Lakini kitu kilinishikisha hii kauntabuku ni breka ya stima ya upande wa nyuma. Ilikuwa inatripu, yaani inajizima yenyewe, fundi wa stima anakuja anairudisha anaenda, tunamlipa tena na tena. Nikakaa chini nikasoma kurasa za miezi mitatu, kila tarehe imetripu, usiku wake kulinyesha. Tukapanda darini na yeye, kumbe gata imepasuka na maji yanadondokea boksi la nyaya. Hapo chini yake kuna vyumba vinne jamani.

Siku hizi anayepata ubovu anaandika jina lake, na mstari haufungwi mpaka kuwe na tarehe ya kutengenezwa. Ulio wazi leo ni mmoja, taa ya ngazi ghorofa ya tatu, balbu naleta asubuhi.