Masaa 3 yangu yameenda wapi jamani

Leo nimechekwa na mama vitumbua hapa Tabata.

Simu ilizima chaji, nikawasha kompyuta, ina mifumo endeshi miwili, Windows na Ubuntu, nikaingia Windows, nikaona saa 12 na dakika 10 asubuhi, nikajua bado mapema nikajikalia zangu na chai... kutoka nje jua linachoma, mama keshamaliza kuuza anasugua chuma chake 😂

Ilikuwa saa 3 na dakika 10!

Kosa langu, jana usiku niliingia Ubuntu. Yenyewe inaandika saa ya kwenye mazabodi kwa UTC (saa ya kimataifa), Windows inaisoma kama saa ya hapa, na Bongo tuko mbele masaa 3.

Nimepiga amri hii kwenye Ubuntu, timedatectl set-local-rtc 1, ili nayo iandike saa ya hapa, imekaa sawa, ila bosi hajanielewa.

Nyie wa mifumo miwili mnafanyaje?